Vitabu Vipya na Deni la Zamani



Ndugu yangu msomaji, mhariri wa gazeti hili ameniomba nikutajie vitabu vilivyotoka karibuni ambavyo naona vyafaa kuwekwa majumbani mwetu. Nimekubali, ijapokuwa mimi si mtu wa maduka ya vitabu. Mimi ni mwalimu wa chuo, niliyesomeshwa juzuu kwa kijiti na kwa kiboko, na umri wangu umepita sitini. Sitaanza kwa kukukumbusha neno la kwanza la wahyi, kwani kila anayesimama kuzungumza juu ya kusoma huanza nalo, kisha huteremka akenda zake wala hajataja kitabu hata kimoja. Nitaanza na kosa langu, maana lau si kosa hilo nisingekuwa na vitabu vya kukutajia.

Mwaka 1987 nalikuwa nasomesha katika chuo kimoja mtaani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Nalikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ndevu ndiyo kwanza zajaa, na kama ujuavyo, mwalimu kijana huwa mkali kuliko mwalimu mzee. Alasiri moja binti wa miaka kumi na mitano alifungua mkoba wake kutoa msahafu, na pamoja na msahafu kikatoka kitabu cha hadithi: Utengano, cha Said Ahmed Mohamed, kilichopigwa chapa mwaka 1980. Nikakishika. Nikakifungua katikati, nikasoma nusu ukurasa, nikaona khabari za ulevi na wanawake, ikanitosha. Nikamwambia mbele ya wenzake kuwa kitabu kile na msahafu havikai katika mkoba mmoja. Yule binti hakulia. Alisema tu, "Maalim, si changu, ni cha maktaba ya skuli." Nikamjibu kuwa kama skuli yakitaka, na waje wenyewe wakichukue.

Hakuja mtu. Baada ya wiki mbili au tatu yule binti naye hakuja tena chuoni, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikasema moyoni mwangu kuwa hayo ndiyo matunda ya vitabu kama vile.

Ikapita miaka thalathini na mitano. Mwaka 2022 mamake alifariki, nasi tukaenda kuzika na kutoa mkono wa tanzia. Siku ya tatu, baada ya khitma, akanijia mama mmoja wa makamo, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza, "Maalim, wanikumbuka?" Sikumkumbuka. Akanitajia Utengano. Nikacheka, nikidhani twacheka pamoja. Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, kuwa skuli ilimtaka alipe kile kitabu. Mamake alikuwa akikaanga mahamri na viazi vya karai mlangoni pake, na pesa alizotoa kulipia kitabu zilikuwa ndizo za ada ya chuo. "Mama aliona haya kukwambia, Maalim. Akanambia nikae nyumbani hata pesa zipatikane. Hazikupatikana."

Basi ada aliyokosa kunilipa ilikuwa mimi ndimi niliyeichukua.

Usiku ule nalilifungua sanduku langu la karatasi za zamani. Kitabu kilikuwamo, chini kabisa, mchwa wameula mgongo wake. Nikaketi kukisoma kutoka mwanzo, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nikakuta kina khabari za baba mwenye jina na heshima mbele za watu, aliyemfungia binti yake ndani asione jua, na huku yeye mwenyewe ana mambo yake ya siri. Na yakampata binti yale yaliyompata kwa sababu hakuna aliyepata kumfundisha dunia. Mtungaji hakumsifu mlevi wala mzinifu hata kwa neno moja. Ule nusu ukurasa niliousoma mwaka 1987 ulikuwa wa maonyo, nami nikaudhania kuwa ni wa mwaliko.

Wewe wajua, ndugu yangu, kuwa haki ya Mwenyezi Mungu hufutwa kwa toba, lakini haki ya mja haifutwi ila kwa kurudishwa au kusamehewa na mwenyewe. Nikapanda matwana mpaka Malindi, ambako yule binti sasa ni mwalimu wa skuli na ana watoto wakubwa. Nilichukua kitabu chake na pesa ndani ya bahasha. Kitabu akakipokea. Bahasha aliirudisha mezani. Akanambia, "Kwa upande wangu nimekusamehe, Maalim. Kwa upande wa mama, mimi siwezi kumsemea." Mimi ni mtu wa kusomesha fiqhi, lakini sikuwa na la kumjibu. Baadaye alishauriana na nduguze, wakaonelea pesa zile zinunuliwe vitabu viwekwe chuoni kwangu, thawabu zimfikie mama yao. Na nilipokuwa naaga akanitilia kitabu kingine mkononi, akanambia, "Kisome hiki, kisha uje unieleze."

Hiki alichonipa ndicho nitakachoanza nacho.

Chaitwa Peponi. Mtungaji wake ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyehamia Uingereza angali kijana baada ya Mapinduzi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na ikatubidi sisi tungoje mpaka mwaka 2022 ndipo Dk. Ida Hadjivayanis alipokifasiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakipiga chapa. Nataka uyapime mambo haya. Kitabu cha mtu wa kwetu, kinachotaja pwani yetu, maduka yetu na misafara iliyokuwa ikenda bara kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilisomwa na watu wa mbali karibu miaka thalathini kabla ya mama yangu mzazi kuweza kukisoma, lau angekuwa hai.

Hadithi yenyewe ni ya kijana Yusuf wa miaka kumi na miwili, mwana wa mwenye hoteli ndogo bara, ambaye babake amezama katika deni. Yule mdai, tajiri aitwaye Aziz, amchukua mtoto pwani awe rehani. Mtoto amwita "ami", mpaka mwenzake dukani, ambaye naye ni rehani vile vile, amfahamisha kuwa yule si ami yake. Nilipofika hapo nalikifunga kitabu nikatoka barazani. Sisi watu wa pwani twapenda sana kuitana ami na khali na mjomba, na ni jambo zuri. Lakini ni mara ngapi tumelitumia jina la ujamaa kumfanyia mtu kazi bila ya ujira? Yule msichana wa kazi aliye nyumbani kwako, akuitaye mama, mshahara wake wa mwezi uliopita umempa?

Mwenye kuijua Sura ya Yusuf atayaona mengi humo: jina la kijana, uzuri wake, bibi wa nyumba aitwaye Zulekha, na nguo iliyochanwa kwa nyuma. Lakini usidhani kuwa mtungaji amekiandika kisa cha Mtume. Yusuf huyu hana wahyi wala hana ufalme mwishoni. Ni mtoto wa watu tu katika dunia ya wakubwa, na Wajerumani ndio hao waja. Mwisho wake ulinikasirisha. Nalimwambia hivyo aliyenipa, akacheka, akasema hata yeye ulimkasirisha, kwa hiyo akakisoma mara ya pili. Kwa rai yangu hiki si kitabu cha mtoto aliye chini ya miaka kumi na sita, na mzazi akisome mbele ili akiulizwa awe na la kusema.

Kitabu cha pili ni cha mashairi, na hapa nina jambo jingine la kukiri. Miaka ile ile niliyomnyang'anya binti yule kitabu chake, nalikuwa na kaseti ya Wasiya wa Mabanati, utenzi wa Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, ajulikanaye kwa jina la Ustadh Mau. Nalikuwa nikiwafungulia wanafunzi wa kike wasikilize. Nasaha kwa mabinti, kuwatahadharisha na hila za wanaume. Sasa nikifikiri, kile nilichokisifu katika kaseti ndicho nilichokikamata katika kitabu. Tafauti ni kuwa kaseti ilikuwa ya imamu, na kitabu sikumjua mwenyewe.

Mashairi ya Ustadh huyu yamekusanywa na mabibi wawili wataalamu, Annachiara Raia na Clarissa Vierke, yakatolewa mwaka 2023 katika kitabu kiitwacho In This Fragile World. Usiogope jina la Kiingereza. Mashairi yamo kwa Kiamu chake mwenyewe, na tafsiri ya Kiingereza pembeni. Yuko imamu wa Msikiti wa Pwani wa Lamu anayezungumza na watu wake juu ya malezi, ndoa, madawa ya kulevya, siasa, na mji wake. Kimepigwa chapa Uholanzi, na kikiwa cha karatasi bei yake si ya mfuko wangu wala wako. Lakini waliokitoa wameruhusu kisomwe bure katika intaneti, na mjukuu wangu alikitia ndani ya simu yangu kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa. Mimi nasoma beti mbili tatu baada ya Alfajiri. Maneno mengine ya Kiamu yanishinda, nami mtu wa Mvita. Hapo husoma kwa sauti, na mara nyingi sikio hulifahamu neno ambalo jicho halikulifahamu.

Na madhali tumo katika maneno ya wanavyuoni, utafute pia Uwongozi wa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Ni makala aliyoyaandika katika gazeti lake la Sahifa, alilolianzisha mwaka 1930. Wazee wetu walikuwa nayo katika kijitabu chembamba ambacho leo hukioni. Mwaka 2017 yalitolewa upya, Kiswahili chake pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako. Utashangaa kuona jinsi mambo aliyoyalalamikia, ya kupuuza elimu na kuwaiga wageni katika yale yasiyofaa, yangali palepale. Mimi sikushangaa sana, nilisikitika.

Nimeviita hivi vitabu vipya, na huenda ukanicheka kwa kuwa vingine vina miaka kumi na zaidi. Lakini niambie, nyumbani kwako kitabu cha mwisho kununuliwa, kisichokuwa cha skuli, kilinunuliwa lini? Kwetu sisi, nakumbuka vizuri siku babangu alipoleta Qurani Takatifu ya Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy, ambayo ilitoka kamili mwaka 1969 huko Nairobi. Mamangu alikuwa amekhitimu mara nyingi asizozihesabu, na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kuisoma maana yake kwa macho yake mwenyewe. Alasiri nzima hakupika. Tulikula mkate na chai usiku ule na babangu hakusema neno.

Nirudi katika rafu ya chuoni. Nimekiweka Kale ya Washairi wa Pemba, cha mwaka 2011, chenye mashairi ya Kamange na Sarahani. Yalikusanywa na wazee wawili, Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, kisha Abdilatif Abdalla akayahariri. Nakipenda kwa sababu moja zaidi ya mashairi yenyewe. Niliwahi kununua njugu nikafungiwa katika karatasi yenye beti za utenzi, hati nzuri ya Kiarabu, wino mwekundu na mweusi. Nilimrudia muuza njugu mbio. Zilikuwa zimekwisha; alizipata kwa watu waliokuwa wakisafisha chumba cha marehemu wao. Wale wazee wawili hawakungoja chumba kisafishwe.

Pembeni yake kipo N'na Kwetu cha Mohammed Khelef Ghassani, mtu wa Pemba aliyeko Ujerumani, kilichopata tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015. Ni mashairi ya mgeni ugenini. Mwenye mwana Jeddah, Muscat au London akisome, kisha ampigie simu mwanawe siku ambayo hana haja ya kuomba pesa.

Sasa kuna kitabu ambacho huenda ukajiuliza kimeingiaje chuoni, nacho ni cha samaki. Kilihaririwa na Matthew Richmond, kikatoka mara ya kwanza mwaka 1997, kisha kikapanuliwa: ni mwongozo wa viumbe vya pwani ya Afrika ya Mashariki na visiwa vyake, kuanzia mwani na kombe mpaka samaki, na picha zake ni za rangi. Maneno yake ni ya Kiingereza. Nilichukua vijana sita wa chuo tukashuka nacho bandarini kwa wavuvi. Vijana walijua kusoma Kiingereza lakini samaki hawakuwajua. Wazee hawakujua Kiingereza lakini kila picha waliitaja jina: huyu tafi, huyu changu, chewa huyu, kolekole huyo. Mzee mmoja akaishika picha ya pono, akaitazama sana, akasema aliyeichora alimwona pono akiwa amekwisha kufa, kwani akiwa hai majini rangi yake si hii. Vijana wakaandika. Tulikaa mpaka adhana ya Magharibi, na hakuna aliyeuliza twarudi saa ngapi. Tangu siku ile nikifika katika aya zinazotaja bahari na vilivyomo, nina wanafunzi sita wasiosinzia.

Mzazi mmoja alinijia akaniuliza, "Maalim, sisi tumemleta mtoto asome juzuu, wewe wamfundisha pono?" Nalimwambia amsikilize mtoto wake juzuu yake kwanza, kisha tuzungumze. Alimsikiliza. Hakurudi kuzungumza.

Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015, ninunulie hata kama hutanunua kingine. Sikubaliani nayo kila mahali, na maneno ya jikoni ya mama zetu wa Mombasa siyaoni yote. Hata hivyo mtoto akiuliza neno, ni bora mumfungulie kitabu kuliko kumwambia anyamaze. Na kwa mwenye kukaa mbali na hospitali, Mahali Pasipo na Daktari si kitabu kipya, lakini nakitaja kila ninapopata nafasi. David Werner alikiandika kwanza kwa ajili ya wanavijiji wa milimani Mexico, kisha kikafasiriwa kwa lugha nyingi, na yetu ni moja. Mtoto akiharisha, maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya kukata, na chumvi nusu kijiko kidogo, anyweshwe kidogo kidogo, na huku watafuta njia ya kumfikisha kwa mganga. Lihifadhi hilo kama unavyohifadhi dua. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuponya, na sukari na chumvi ni katika vitu alivyotupa.

Utanambia pesa hazipo. Nami najua kuwa maisha ni magumu, sikukatalii. Lakini nimehudhuria arusi mtaani kwetu ambazo sahani za pilau zilizomwagwa usiku ule zingejaza kabati la vitabu mpaka juu. Kama huwezi peke yako, nyumba tatu nne za mtaa mmoja wachange, kila mwezi kinunuliwe kimoja, kizunguke. Sisi chuoni tulianza na vitabu vitano, na leo ni thalathini na kimoja.

Kila anayeazima naliandika jina lake katika daftari. Huyo bwana aliyechukua Kale ya Washairi tangu mwezi wa Rajabu, namjua, naye anajijua. Nakuomba ndugu yangu ukirudishe, wako watu watatu wanakingoja. Na Utengano chenyewe nacho kimo rafuni. Mwenyewe alikuja nacho kutoka Malindi siku tuliyofungua kabati, akakiweka kwa mkono wake, nami nimeushona mgongo wake kwa uzi wa kanzu. Tangu mwezi uliopita kimeazimwa na binti mmoja wa miaka kumi na sita. Muda wake wa kukirudisha umepita siku tisa, nami sijamwuliza.